Kikanyagio Chini ya Kitambaa Cheupe

Amplifaya ilipiga yowe katikati ya wimbo wa matoleo, yowe la nguruwe aliyebanwa mlangoni, na watoto wa mabenchi ya mbele wakaziba masikio. Notburga hakuziba. Alikuwa benchi la tatu upande wa wanawake, rozari imemzunguka kidole, na macho yake yalikuwa kwa binti yake Devota, aliyesimama na kwaya, gitaa la solo kifuani, vidole vimekauka juu ya nyuzi. Mwalimu Osmund, kiongozi wa kwaya, aliinua mkono akaukata hewani: zima. Devota akazima. Wimbo ukamalizwa kwa midomo na ngoma.

Hilo Notburga angelimeza. Lililomkaa kooni ni la baada ya misa.

Watu walikuwa bado wanasalimiana nje, Tumsifu Yesu Kristu, milele amina, na Mwalimu Osmund hakungoja watawanyike.

"Devota, vidole vyako vinatuaibisha," alisema, kwa sauti ile ile ya kufundishia darasa la watoto themanini. "Mashine mpya, imetoka Dar es Salaam ndani ya boksi lake. Ikipiga kelele, aliyeishika ndiye mwenye kelele. Jumapili ijayo ni sikukuu ya mtakatifu somo wa kigango chetu, Bwana Polikarp anakuja kama mgeni rasmi, na mimi sitaki kuchekwa. Solo atapiga Aidani."

Aidani alikuwa mpwa wake, kijana muuza mitumba pale sokoni, mwenye nyimbo tatu kichwani na viatu vizuri.

"Mwalimu, mimi sikubadilisha kitu, nilipiga kama..."

"Wewe utaimba sauti ya pili. Mkono wa kike haubani solo, mwanangu. Ule ni mkono wa kuchambua mboga."

Watu walicheka. Si wote, lakini walicheka, na Notburga akawaangalia mmoja mmoja waliocheka ili awakumbuke. Akawaaga wanawake wenzake kwa majina, akamshika binti yake kiwiko, wakatembea mpaka nyumbani, mtaa wa Mfaranyaki. Mlango ulipofungwa ndipo akautupa mtandio juu ya kiti.

"Mkono wa kuchambua mboga!"

"Mama, acha. Nitaimba hiyo sauti ya pili."

"Huimbi."

"Mama, basi. Mtu mzima mwenzako yule. Nitazidi kuonekana sina adabu."

"Nimesema huimbi ya pili. Na usinililie hapa, Devota. Ukitaka kulia, lia kwa kuwa umekosea. Umekosea?"

Devota alijifuta uso kwa kiganja. "Sijakosea."

"Basi kaa."

Marehemu Kajetani, baba yake Devota, alikuwa fundi redio, na kabla ya hapo mpiga solo wa bendi moja ya mji huu wa Songea, mpaka mapafu yalipomkataa. Alimfundisha binti tangu ana miaka saba, gitaa likiwa kubwa kuliko yeye. Aliyemshikia taa na koleo alipokuwa akitengeneza mitambo ya watu, miaka kumi na sita, ni mkewe. Notburga aliishia darasa la saba. Lakini mtu ukimshikia fundi taa miaka kumi na sita, na macho unayo, huwezi kukosa kujua waya gani unakwenda wapi na kwa nini.

Kajetani aliiachia kwaya vikanyagio vyake viwili. Kikanyagio ni kisanduku cha chuma kinachokaa sakafuni kati ya gitaa na amplifaya. Sauti inaingia upande mmoja kwa waya, inatoka upande wa pili, na mpigaji akikikanyaga kwa mguu kinaibadilisha. Kimoja kilikuwa kikuza, cha kuipa solo nguvu ipite juu ya waimbaji. Cha pili kilikuwa kitetemeshi. Vilikaa sakafuni kwa mpango wake miaka mingi, na havikumsumbua mtu.

Kisha mipaka ya biashara ikafunguliwa, na vitu vikaanza kuingia mjini ambavyo zamani ulivisikia tu kwa watu waliosafiri. Polikarp, mtoto wa kigango hicho hicho, alikwenda Tunduru kwenye machimbo ya mawe ya vito, akajaliwa, na mwaka ule akaileta kwaya amplifaya mpya kubwa pamoja na kikanyagio cha tatu: cha mwangwi. Ukipiga noti moja kinairudia, tena na tena, mpaka inafifia, kama mtu anayeita bondeni.

Hapo ndipo Mwalimu Osmund alipojitwisha ufundi. Alikichukua kile cha mwangwi akakiweka cha kwanza kabisa, karibu na gitaa. Nyuma yake kitetemeshi, halafu kikuza, halafu amplifaya. Mama Mwalimu, mkewe, akadarizi kitambaa cheupe chenye maua, na kisanduku cha mwangwi kikafunikwa nacho. Waya zote, za sauti na za umeme, zikafungwa pamoja kwa uzi wa sufu ili zipendeze. Notburga alipouliza siku ile kwa nini mwangwi umetangulia, aliambiwa mbele ya watu: "Mama Devota, zawadi ya mgeni rasmi uiweke mkiani? Wewe ukija nyumbani kwangu nikukalishe jikoni?" Akaliacha. Alidhani labda mashine za sasa zina akili zake.

Sasa hakudhani tena. Aliondoa vyombo vya chakula mezani akabakiza vitano. Mwiko akauweka mwanzo.

"Hili ni gitaa. Kopo la chumvi ni mwangwi. Bakuli ni kitetemeshi. Mfuniko huu ni kikuza. Debe la unga ni amplifaya. Sauti inatoka kwenye mwiko. Ni mtu mmoja. Osmund kampeleka wapi kwanza?"

"Kwenye mwangwi."

"Anafanywa nini huko?"

"Anarudiwa. Anakuwa wengi. Watano, sita, kila mmoja mdogo kuliko mwenzake."

"Wa sita anasikika?"

"Kwa mbali sana."

"Haya. Hao wote sita wanakwenda kwenye kikuza. Kikuza kinajua yupi alitakiwa awe mkubwa na yupi alitakiwa afe?"

Devota aliacha kuvuta kamasi. "Hakijui. Kinakuza wote."

"Kinawafufua. Wa sita anapiga kelele sawa na wa kwanza, na wewe huku umeshapiga noti nyingine tatu, kila moja na watu wake sita. Na ule mchakacho wa kisanduku chenyewe, ule unaousikia hata usipopiga kitu, nao umekuzwa. Huyo ndiye nguruwe wao. Vidole! Vidole vimeingiaje hapo?"

Alilihamisha kopo la chumvi kwa hasira hata chumvi ikamwagika, akautanguliza mfuniko, bakuli likafuata, kisha kopo, karibu na debe. Mtu mmoja akuzwe kwanza, atetemeshwe, ndipo arudiwe.

Devota aligusa debe la unga. "Bado, Mama. Amplifaya nayo inakuza. Mwalimu amekifungua kitufe chake cha mbele mpaka mwisho. Mwangwi ukikaa kabla ya debe, debe litaufanya vile vile."

Mtoto alisema kweli. Notburga alikaa akalitazama lile debe kama linamficha kitu. Kajetani alikuwa na msemo wake alipofungua mashine za watu: hii ni nyumba ya vyumba viwili. Chumba cha kwanza kinaipa sauti nguvu. Cha pili kinaisukuma spika, basi. Na katikati yake pana ukuta.

"Ile mpya, nikiipangusa vumbi, nyuma naona matundu mawili peke yake, mbali na mengine. Yana maandishi. Uliyasoma?"

"Moja limeandikwa tuma, jingine rudisha. Kwa Kiingereza. Mwalimu alisema ni ya kurekodia, tusiyaguse."

"Tuma," alisema Notburga. "Rudisha. Devota, huo ni mlango kwenye ule ukuta! Sauti ikitoka chumba cha kwanza, unaitoa nje, unaipitisha unakotaka, unairudisha chumba cha pili. Mwangwi ukae hapo. Hakuna cha kuukuza tena isipokuwa spika."

Wakauchora mpango huo nyuma ya kalenda kwa kalamu ya risasi, mishale kwa mishale: gitaa, kikuza, kitetemeshi, amplifaya mbele, kisha kutoka nyuma kwenda mwangwi, na kutoka mwangwi kurudi nyuma. Ilihitaji waya mbili ndefu ambazo kwaya haikuwa nazo. Jumatatu Notburga alifungua sanduku la marehemu, akatoa waya wa sauti, ule uliosukiwa nyuzi nyembamba za shaba kuzunguka, na jeki nne zilizobaki, zile pini za kuchomeka kwenye matundu. Akatia chuma cha kulehemu kwenye mkaa mpaka kikawa chekundu, akalehemu kibarazani mchana kweupe, majirani wanapita wanauliza, "Mama Devota, leo unapika nini?" Naye anajibu, "Napika adabu."

Jumatano alikwenda mazoezini mapema, waya hizo kwenye kikapu, ili amkute Mwalimu peke yake na asimwaibishe. Alitaka hilo lihesabike.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mama Devota. Umekuja kunigombeza."

"Nimekuja kuomba tujaribu kitu. Dakika tano." Akamweleza, kwa utaratibu, akimwonyesha kalenda. Osmund aliishika kwa vidole viwili kama aliyepewa nepi.

"Mwangwi ukakae wapi? Nyuma ya mashine?"

"Nyuma ndipo lilipo tundu lake."

"Mgeni rasmi aje, aitafute zawadi yake, aikute imetupwa nyuma huko kwenye buibui. Mama, mambo haya yana itifaki."

"Kwenye maandamano ya kuingia misa, Mwalimu, anatangulia mtumishi mwenye msalaba. Padre anatembea wa mwisho. Kuna aliyewahi kusema padre katupwa mkiani?"

Osmund alikodoa macho. Akapandisha sauti. "Usinifundishe liturujia! Nimesoma seminari miaka miwili, wewe umesomea wapi? Kisanduku hicho hakiguswi. Nikikuta kimeguswa, Devota hata hiyo sauti ya pili ataisikilizia nje."

Kwaya ikaingia, Aidani akavaa gitaa, akapiga. Nguruwe akalia. Akapiga tena, akalia tena, mrefu zaidi, mpaka Hilda wa sauti ya kwanza akasema, "Yesu wangu, masikio!"

"Taratibu, taratibu," Mwalimu alisema, akitabasamu. "Mashine bado inamzoea."

Notburga alikuwa amesimama mlangoni. Inamzoea! Kelele ile ile, tundu lile lile. Kwa binti yake ni vidole vya mboga, kwa mpwa ni mashine ina haya. Alisali Salamu Maria tatu pale pale ili asiseme alichotaka kusema, na hazikutosha, akaongeza ya nne njiani.

Jumamosi mchana Polikarp alifika kusikiliza mazoezi ya mwisho. Alikuwa mtu mnene mpole, shati la mikono mifupi, anawaamkia wazee wote kabla ya kukaa. Mwalimu alimkalisha kiti cha mbele, akalitaja jina lake mara tatu katika hotuba fupi, akamwonyesha kisanduku kilichofunikwa kitambaa. Umeme ulikuwepo. Devota alikuwa safu ya nyuma ya waimbaji, amejifunga kitenge mpaka kifuani kama mtu mwenye baridi.

Kabla Aidani hajavaa gitaa, Notburga aliinuka na kikapu chake. Hakukimbia. Alitembea mpaka mbele, akapiga magoti sakafuni kwenye vikanyagio, akakivua kitambaa cheupe, akakikunja mara nne, akakiweka kwenye paja la Mama Mwalimu.

"Wewe mama!" Osmund alisema. "Wewe mama, una wazimu?"

"Bwana Polikarp, wewe ni mdogo kwangu, shikamoo siwezi kukupa, lakini nisamehe," alisema Notburga bila kuinua kichwa. "Dakika tano. Zikipita bila kitu, nitoeni nje."

"Mwacheni mama," Polikarp alisema.

Alikata uzi wa sufu kwa meno. Akazitenga waya za umeme upande wa ukuta, za sauti upande wa watu, kwa sababu zikilala pamoja zinaambukizana ngurumo. Gitaa kwenye kikuza. Kikuza kwenye kitetemeshi. Kitetemeshi mbele ya amplifaya. Akaenda nyuma, waya moja ndefu tundu la tuma, ikarudi mbele ikaingia mwangwi. Ya pili kutoka mwangwi ikaingia tundu la rudisha. Akapunguza kile kitufe cha mbele mpaka nusu.

"Devota. Njoo upige."

"Solo ni ya Aidani," alisema Osmund.

"Njoo upige, nimesema."

Devota alikuja. Alivaa gitaa, akakanyaga mwangwi, akapiga mwanzo wa wimbo wa matoleo. Sauti ilitoka safi, imesimama peke yake, na nyuma yake ikafuata ile nyingine ndogo, na nyingine, zikapungua kwa adabu mpaka zikaisha. Hakuna mlio. Hakuna ngurumo. Hilda alianza kuimba bila kuambiwa, na wengine wakamfuata ubeti mzima. Polikarp aliinamia mbele, viwiko magotini.

Wimbo ulipokwisha Mwalimu Osmund alipiga makofi kabla ya wote. "Vizuri! Vizuri sana. Basi sasa mashine imekaa sawa, tunamshukuru Mama Devota kwa mchango. Aidani, shika gitaa, tuendelee."

Devota alianza kuuvua mkanda begani. Aliuvua kwa utii, na utii ule ndio uliommaliza mama yake.

"Acha hapo," Notburga alisema. "Mwalimu, Jumapili ulisema mbele ya watu kwamba kelele ni vidole vya mtoto huyu. Mkono wa kuchambua mboga. Sema sasa, mbele ya watu hao hao, kwamba haikuwa vidole."

"Mama, tusifukue mambo. Leo tuna mgeni."

"Siku ile tulikuwa na nani? Kuku?"

Mtu alicheka nyuma, akanyamazishwa.

"Mama Devota, unyenyekevu," alisema Osmund polepole. "Mkristo hadai."

"Sawa," alisema Notburga.

Akapiga magoti tena. Akazichomoa zile waya mbili ndefu, akazikunja, akazirudisha kikapuni; zilikuwa zake, alizilehemu kwa mkaa wake. Akauchukua mwangwi akauweka mbele kabisa. Nyuma yake kitetemeshi. Nyuma yake kikuza. Kitufe cha amplifaya akakifungua mpaka mwisho. Akaenda kwa Mama Mwalimu, "Nisamehe, dada," akachukua kitambaa, akakifunika kisanduku na kuyanyoosha maua yake vizuri, kona kwa kona.

"Mwalimu, ndivyo ulivyopanga. Sikuongeza wala sikupunguza. Aidani, mwanangu, piga."

Aidani alimwangalia mjomba wake. Alimwangalia mgeni. Akavaa gitaa kwa shingo upande, akagusa uzi mmoja tu, wa juu, kwa ncha ya kidole.

Yowe lilijaa kanisa. Njiwa wa darini waliruka. Polikarp aliziba masikio kwa mikono miwili, na Aidani mwenyewe akachomoa waya, akaliweka gitaa chini.

"Mimi sipigi, Mjomba. Hata kesho. Nitazomewa mji mzima mimi, nauza nguo pale."

"Mwalimu," Polikarp alisema kimya kilipopatikana, "kisanduku hiki kwa nini kimevaa kitambaa?"

"Ni heshima, Bwana Polikarp. Ni zawadi yako. Ndiyo maana nikakitanguliza."

"Mimi sijui hata kinafanya nini! Muuzaji aliniambia chukua hiki, ndicho kinachotoka. Kikikaa hata chooni, mradi wimbo usikike." Alimgeukia Notburga, kisha Devota, kisha akarudi kwa Osmund, na upole wake ukapungua. "Huyu binti ulimwambia nini?"

Mwalimu Osmund alijishika tai.

"Haikuwa vidole," alisema.

"Wa nyuma hawajasikia," alisema Notburga.

"Mama..." Devota alinong'ona.

"Wewe nyamaza. Jumapili walisikia mpaka wa barabarani."

Osmund akainua kichwa, uso umemwiva. "Haikuwa vidole vya Devota! Ulikuwa mpango wa waya, na mpango ni wangu mimi. Umeridhika?"

"Hilo la kuridhika sikuliomba. Devota, njoo unishikie taa huku nyuma, giza."

Akazipanga waya upya kwa mara ya tatu, taratibu, bila haraka ya kumpunguzia mtu aibu. Mazoezi yaliendelea mpaka saa kumi. Devota alipiga nyimbo zote tisa, na kwenye wa saba alianza kutabasamu mwenyewe bila kujua.

Kisha padre akakaa kitubioni, kama kila Jumamosi, na watu wakapanga mstari. Mwalimu Osmund alikuwa mbele ya Notburga kwa watu wawili. Mgongo wake ulimkaa machoni, koti limechakaa kwenye bega, na akajaribu kumwonea huruma kwa ajili ya bega lile, kwa bidii kabisa, kama mtu anayesukuma kabati. Halikusogea.

Zamu yake ikafika. Akapiga magoti, akataja dhambi zake kwa mpangilio: uvivu wa sala ya asubuhi, neno baya juu ya jirani, kumjibu mtu mzima mbele ya watoto.

"Na nyingine?" aliuliza padre, ambaye alikuwa ameyasikia yote kupitia dirisha la sakristia.

"Kuna hasira, Padre. Lakini hiyo bado ninayo. Siwezi kuileta nusu nikadanganya kwamba nimeitubu."

Padre alijisogeza karibu na wavu. "Unataka kuiacha lini?"

Notburga aliifikiria kweli. Nje ya kitubio, Devota alikuwa bado anajaribu mwangwi, noti moja, anaisikiliza mpaka mwisho, kisha nyingine.

"Baada ya misa ya kesho," alisema. "Nikishamsikia anapiga na watu wote wakiwepo."